Alinifunua Jicho, Akanyamaza

Kila asubuhi, kabla kitinda mimba wangu hajavaa viatu vya shule, namwita uani kwenye mwanga. Namwambia atazame juu. Namvuta ukope wa chini kwa kidole gumba na kuangalia rangi ya ndani. Nikiona wekundu, namwachia aende. Mume wangu ameniambia mara nyingi kwamba mtoto ni mzima, ana miaka mitano sasa, anakimbia mpaka majirani wanalalamika. Najua. Lakini mkono wangu bado hauamini.

Naandika haya kwa ajili yako wewe ambaye sasa hivi unafunika sufuria haraka ili jirani asione kilichomo. Nimefunika sufuria hiyo. Kilimo wapo wanaokijua kuliko mimi. Ninachoweza ni kukusimulia tulikopita, na nisikufiche palipokuwa pabaya.

Tunakaa Arusha, upande wa Ngaramtoni, vyumba viwili vya kupanga kwenye uwanja mmoja na familia nyingine tatu. Mwaka 2020 unaanza, mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Anawapokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, anawazungusha Tarangire, Ngorongoro na Serengeti siku sita au saba, anarudi na vumbi masikioni na bahasha ya bakshishi mfukoni. Mimi nilikuwa nakaanga maandazi na kachori, nauza kwenye geti la shule ya msingi saa nne, watoto wakitoka mapumziko. Kodi ya nyumba tulilipa miezi sita kwa mkupuo. Jumapili nyama haikukosekana. Na nilikuwa na mimba ya tatu, changa. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Machi 17 serikali ikatangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Jioni ile nilikuwa nimeshakanda unga wa kesho yake. Nikakaanga, tukala sisi wenyewe na majirani, watoto wakafurahi kwamba leo maandazi hayahesabiwi. Wiki hiyohiyo wageni wa mume wangu walianza kufuta safari, mmoja baada ya mwingine. Aprili 11 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Madereva wakaitwa, wakakabidhi funguo, wakaambiwa wataitwa mambo yakitulia. Mshahara hakuna. Alirudi kutoka mjini kwa miguu. Alikaa kwenye stuli ya jikoni, akavua viatu vyake vya safari, akavipiga vumbi taratibu, akavisogeza chini ya kitanda mpaka mwisho kabisa. Niliona jinsi alivyovisukuma. Nikajua hategemei kuvivaa karibuni.

Akiba ililipa kodi. Baadaye ikauzwa redio, ikauzwa baiskeli, ukauzwa mtungi wa gesi nikarudi kwenye mkaa. Kwa Mangi, duka la pale kona, deni lilifika shilingi 84,000. Nikaanza kupita njia ya nyuma ili asinione.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba mboga tuliacha kununua kabla ya unga. Wanasema, mboga si rahisi? Fungu la mchicha lilikuwa shilingi 200. Lakini sisi watu wanne tunahitaji mafungu matatu ili kila mtu aone kitu kwenye sahani, maana mchicha ukishaingia motoni unanywea. Weka mafuta, nyanya, kitunguu. Hapo umeshaifikia bei ya kilo ya unga. Na ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, unanunua kinachojaza tumbo. Kwanza ilitoka nyama, wakatoka dagaa, yakatoka maharage, ikatoka mboga. Ukabaki ugali. Nilichemsha chai ya rangi, nikatia sukari kidogo, tukachovya ugali kwenye chai. Watoto waliona ni mchezo. Mwanzoni.

Na mimi nikawa nakula udongo.

Mama mjamzito anayenisoma anajua ninachosema. Kuna ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni. Nilianza na kipande kwa siku, vikawa vinne. Pesa ya kuununua ilipokwisha, nikawa nabandua ukuta wa jiko la uani, lililokandikwa zamani. Nilikuwa naamka usiku kwenda kubandua. Nilijua si kawaida. Sikumwambia mtu.

Kuna jambo lingine sikumwambia mtu. Kliniki walikuwa wamenipa vidonge vya kuongeza damu. Nikivimeza tumbo likiwa tupu nilikuwa natapika, na kutapika ugali ambao mume wangu ameuhangaikia kuliniuma sana. Nikaviacha. Nikavificha chini ya godoro, kwenye kikaratasi chake. Tarehe ya kliniki ilipofika sikwenda. Nilijiambia naogopa msongamano wakati wa gonjwa. Ukweli niliona haya kuulizwa.

Dalili zilikuja polepole, nikazipa majina mengine. Moyo kwenda mbio nikipanda kijilima cha kanisani: nikasema ni uzito wa mimba. Masikio kuvuma: baridi. Viganja kuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua siku nzima: nikasema ni kufua.

Ilikuwa katikati ya Mei, asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika. Nilikwenda bombani. Ndoo ilijaa. Nakumbuka nikiinama. Nakumbuka maji yakiwa meusi. Basi.

Niliposikia tena sauti za watu nilikuwa ndani ya bajaji. Kichwa changu kilikuwa mapajani kwa jirani yangu, mama mmoja Muirangi ambaye tulikuwa tumekosana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Alikuwa anasoma dua. Mkono wake ulikuwa tumboni kwangu.

Hospitalini, nesi alinifunua jicho. Akaangalia. Akanyamaza.

Nilikuwa nimezaa mara mbili kabla ya hapo. Manesi nawajua, wanaongea, wanagomba, wanakuuliza umechelewa wapi. Huyu alinyamaza. Akafunua jicho la pili. Akaita mwenzake. Wakanitoa damu kidoleni, ikatoka kama maji ya kusuuzia nyama. Majibu yakarudi. Damu 5.9.

Kwa mama mjamzito inatakiwa isipungue 11. Ikishuka chini ya 7 ni hatari kubwa. Hayo alinieleza baadaye. Wakati ule aliniambia tu, "Dada, usiinuke. Hata chooni, usiinuke."

Akachukua kile chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto. Akaweka upande wa kulia. Akahamisha. Akaweka chini ya kitovu. Akahamisha. Mimi namtazama uso. Hakuna kitu. Akahamisha tena. Nikafumba macho. Sikutaka kuuona uso wake ukibadilika.

"Yupo," akasema.

Mpaka leo neno hilo nikilisikia popote, hata mtu akiuliza fulani yupo, kifua kinanibana.

Damu iliyotakiwa ni chupa mbili. Waliniwekea waliyokuwa nayo, wakaomba ndugu waje kuchangia ili akiba isikauke. Shemeji yangu alitoka Usa River kwa daladala mbili. Wa pili alikuwa mume wa yule jirani.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Tone, tone, tone. Nilikuwa nahesabu matone, nikifika mia naanza upya. Nilijaribu kusali, maneno hayakuja. Nililelewa kanisani, nimeimba kwaya tangu msichana, sala ninazijua. Hazikuja. Nilitaja tu jina la Yesu. Yesu. Nanyamaza. Yesu. Nikamwita mume wangu asogee. Nikamwambia vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko kwenye begi jeusi, juu ya kabati. Sare za shule za mkubwa zimembana, achukue za binamu yake. Sufuria kubwa limeazimwa na mama wa jumuiya, likafuatwe. Akasema, "Mama watoto, nyamaza." Nikaendelea. Nikamwambia na vidonge. Viko chini ya godoro. Vyote.

Alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona ameshika ukuta kwa mikono miwili, kichwa chini. Hakutoa sauti.

Sijui kama nilisinzia. Karibu na alfajiri mtoto aligeuka tumboni, kwa nguvu, kama anayevuta shuka upande wake. Nikalia ndipo nikaweza kusali.

Yule nesi wa zamu alirudi jioni iliyofuata. Nilitegemea kusemwa. Akavuta kiti. Akaniuliza nakula nini, nikamwambia yote, mpaka ukuta wa jiko. Akasema udongo ule unazidisha tatizo, tumbo likijaa udongo madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula hayapokelewi vizuri. Akasema na chai vilevile: majani ya chai yanayazuia, kwa hiyo chai ninywe mbali na chakula, saa moja au mbili. Mimi nilikuwa nafanya chai ndiyo mboga yangu! Vidonge akaniambia nimeze usiku baada ya kula, kichefuchefu kitapungua. Mboga za majani nile kila siku, nikamulie limau, maana uchachu ule unausaidia mwili kukichukua kile chuma. Halafu akanitazama akasema mboga peke yake hazitanitoa pale nilipo. Vidonge lazima. Namshukuru kwa kuninyoosha hivyo, kwa sababu nimeshakutana na watu wanaosema nilipona kwa mchicha. Nilipona kwa damu ya watu wawili na kwa vidonge nilivyokuwa nimevificha. Mboga zilinishika nisianguke tena.

Nikatoka na karatasi ya maelezo mkononi: mboga za majani kila siku. Na nyumbani hakuna hata shilingi 200.

Mama mkwe wangu alipigiwa simu usiku ule nilipokuwa nimelazwa. Anaishi Machame, kwenye kihamba alikoolewa. Kama hujafika kwa Wachaga, kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kwenye unyevu, maharage, na mboga zimejipenyeza kila penye nafasi. Mtu wa kule akitaka mboga anatoka nje na kikapu wakati maji yanachemka. Alishuka na basi la asubuhi. Nilimkuta nyumbani niliporudi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Kaa." Hakusema lolote kuhusu nilivyokonda. Kwenye kikapu chake alikuwa na ndizi za mtori, na kifurushi cha jani la mgomba lililofungwa kwa kamba ya mgomba wenyewe, bichi, linatoa maji. Ndani yake yalikuwa marando ya viazi vitamu. Kwenye pindo la khanga yake alifungua fundo, akatoa kitambaa, na ndani ya kitambaa mbegu za mnafu, ndogo kama chumvi ya kusaga.

Akazunguka nyuma ya nyumba. Pale palikuwa jalala la wapangaji wote: vigae vya glasi, mifuko, majivu ya mkaa, soli za viatu. Akasimama muda mrefu ameshika kiuno. Akaniuliza, "Na udongo huu mzuri hivi, mboga mnanunua?"

Nilishindwa kumjibu. Udongo wa kwetu chini ya Mlima Meru ni mweusi, wa volkano, unashika unyevu. Nilikuwa nimeutafuna miezi miwili na haikunijia hata siku moja kuupanda.

Mwenye nyumba alikubali, ila akataka tuondoe taka zote kwanza. Kazi hiyo aliifanya mume wangu. Tangu funguo zile alikuwa hasemi zaidi ya ndiyo na hapana. Alishika jembe la kuazima, akaanza saa kumi na mbili asubuhi, akachambua vigae kwa mkono ili watoto wasije wakakatwa. Siku ya tatu nikamsikia anapiga mluzi. Nilikuwa nimelala ndani, nimeambiwa nisishike kitu. Nikageukia ukutani nikajifunika khanga, nisisikike.

Eneo lilikuwa dogo, hatua kumi kwa nne hivi. Kwa hiyo mengine tukapanda kwenye viroba. Tulipata salfeti kuukuu kwenye mashine ya kusaga. Mama alionyesha hivi: unachukua kopo kubwa lililotobolewa chini na juu, unalisimamisha katikati ya kiroba, unalijaza kokoto, pembeni unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena kokoto, tena udongo, mpaka kiroba kijae. Kokoto zinabaki zimesimama katikati kama nguzo, na ukimwaga maji pale juu yanashuka mpaka chini, hayaishii kulowesha uso. Kisha unatoboa matundu ubavuni na kupachika miche. Kiroba kimoja kinabeba miche mingi kuliko unavyodhani. Maji tuliyotumia yalikuwa ya kuoshea mchele na mboga na ya kusuuzia vyombo. Yenye povu jingi tulimwaga kwingine.

Sasa nikueleze palipoharibika, kwa sababu na wewe patakuharibikia.

Mbolea tulipewa na jirani mwenye banda la kuku wa kisasa. Ilikuwa mbichi, bado inanuka mpaka inachoma pua. Mama alisema tusubiri. Mimi sikuweza kusubiri. Nilikuwa na hofu ya siku, kila siku niliihesabu kwenye tumbo langu. Mama aliporudi Machame siku kadhaa kuangalia ng'ombe wake, nikamwomba mume wangu aichanganye ile mbolea kwenye tuta la mchicha. Tukasia. Mbegu ziliota vizuri, kijani kabisa. Siku ya nane nilikuta vichwa vimelala. Siku ya tisa vimekauka, kama vimepitiwa na moto. Tuta zima.

Nilikaa chini, kwenye unyevu. Nililia kuliko nilivyolia hospitali. Nilifikiri hivi: hata hiki. Hata mchicha, unaoota wenyewe kando ya mitaro, kwangu unakufa. Nilifikiri mkono wangu una kitu. Nikafikiri na mtoto. Mawazo kama hayo ukiwa na njaa yanaingia bila kubisha.

Mama aliporudi akachota udongo, akaunusa, akaumwaga. "Mbolea ya moto hiyo. Imeunguza. Tunarudia." Ni hayo tu. Akanishika mkono akaniinua. Ile ya kuku tuliirundika pembeni na majani makavu, tukaifunika ioze, tukaigusa baada ya miezi miwili. Ya kuanzia tukaomba kwenye boma la Waarusha walio juu yetu, samadi ya ng'ombe ya zamani, nyeusi, haina harufu, inavunjika vidoleni kama keki. Walitupa mikokoteni miwili bure.

Katikati ya Juni tukasia upya. Mbegu za mchicha mama alizichanganya na majivu makavu, ili zisidondoke kwa mafungu, na ili uone ulikopita. Udongo wa kufunika ni kiasi cha kupaka tu, kisha nyasi kavu juu. Marando tulikata yenye macho manne, tukayalaza kwa mshazari, macho mawili chini ya udongo. Juni hapa kwetu ni baridi, ukungu unashuka Meru mpaka mlangoni, na mimea inajivuta. Siku ya sita nikainua nyasi. Vilikuwepo. Vidogo, vyekundu kwa chini, viwili viwili. Sikuwaita watu. Nilirudisha nyasi taratibu nikaingia ndani na hofu yangu, nikanyamaza siku tatu nzima, nikingoja vilale. Havikulala.

Wiki ya tatu ya Julai nilichuma. Nataka ulione neno hilo. Miezi mitatu nilikuwa mtu wa kukopa, kupewa na kuomba. Asubuhi ile nilichukua ungo, nikainama polepole na tumbo langu kubwa, nikakata mchicha kwa kisu vidole viwili juu ya udongo, ili uchipue tena. Umande ulikuwa baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Mchicha ukikatwa hivi punde una mlio, kama kitambaa kipya kinapochanwa. Nikachuma na matembele, ncha tu. Nikajaza ungo. Nikasimama na ungo ule uani, sikujua niende nao wapi kwanza.

Tulipika kwa kitunguu kimoja na kikombe cha karanga zilizotwangwa ambazo mama alikuja nazo. Nikasubiri sufuria itoke motoni ndipo nikakamua limau. Ule uchungu mdogo wa matembele, na utelezi wake, na karanga ikinata kwenye tonge. Mchicha wa sokoni uliolala juani nilikuwa nimeula miaka yote, nikadhani ndiyo ladha yake. Watoto walipangusa sahani kwa ugali, wakagombania mchuzi. Mdogo akauliza, "Kesho ipo?" Nikamwambia ipo. Nikatoka nje kuhakikisha.

Sikufunika sufuria siku ile. Iliachwa wazi mezani.

Mambo mengine niyapitie haraka. Chainizi ilivamiwa na vidukari, tukapukutizia majivu asubuhi na umande, ikasaidia. Kuku wa jirani tulizuia kwa chandarua kibovu. Nyanya hatukuziweza, mdudu kantangaze alizimaliza, na mpaka leo nyanya nanunua sokoni, sioni haya. Majani ya maboga yalitambaa mpaka chooni. Mnafu ulichukua muda mrefu zaidi, lakini ulipokubali haukukoma. Mnafu uliochemshwa ukamaliziwa kwa maziwa ndiyo mboga ambayo mume wangu anaiita ya nyumbani. Siku hizi gari lake likipita Duluti, karibu na Tengeru, huwaambia wageni kwamba pale kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kipo tangu 1992, na wataalamu wake wanatunza mbegu za mnafu, mgagani na nyanya chungu. Anawaambia mama yake anazitunza kwenye pindo la khanga.

Agosti nilipopimwa, damu ilikuwa 10.4. Nesi alinifunua jicho, akaongea. Aliongea sana, mambo ya kawaida, foleni, baridi, bei ya mkaa. Namshukuru Mungu kwa kila neno alilosema mwanamke yule. Mtoto alizaliwa wiki mbili baadaye, kilo 2.9, analia kabla hajatoka vizuri. Mama mkwe alinipikia mtori miezi miwili.

Lipo la Mangi. Wiki ya pili ya kuchuma, mboga zilitushinda kula. Nilifunga mafungu kumi kwa ukindu, nikapita njia ya mbele. Miguu ilikuwa mizito. Nikaweka mafungu juu ya kaunta, nikamwambia, "Sina pesa. Nina hizi." Akayatazama, akayanyunyizia maji, akayapanga juu ya kreti la soda pale mlangoni. Jioni yalikuwa yamekwisha. Akatoa daftari akakata 2,000. Tukaendelea hivyo kila Jumanne na Jumamosi. Februari 2021 alipiga mstari chini ya jina langu. Fungu la kwanza kabisa, hata hivyo, halikwenda dukani. Nililipeleka kwa jirani yangu Muirangi. Alilipokea kwa mikono miwili. Kamba ya kuanikia nguo tunatumia wote.

Dada yangu, au kaka, unayesoma ukiwa na karatasi ya hospitali mkononi: kama umeficha vidonge chini ya godoro, vitoe leo. Mwambie mtu. Kama una futi tatu za udongo, au kiroba kimoja na ndoo ya maji ya kuoshea mchele, anza na mchicha, maana katika mwezi mmoja utakuwa umekula. Usitumie mbolea inayonuka. Zikifa, rudia. Na kama huna nguvu ya kusali, taja jina tu. Ilinitosha usiku ule.

Watalii wamerudi. Viatu vya safari vilitoka chini ya kitanda mwaka 2021. Tungeweza sasa kununua mafungu matatu bila kuhesabu, lakini bustani sijaiacha hata msimu mmoja, na kiangazi kikali kikija na maji yakaanza kukatika bombani, nalala vibaya. Nikisikia ndoo ikijaa nashika ukuta kwanza. Mama mkwe akipiga simu huuliza mnafu kabla ya kuuliza watoto.

Leo asubuhi nilimfunua jicho kitinda mimba kama kawaida. Palikuwa pekundu. Hakukimbia. Akanishika mashavu na vidole vyake vyenye udongo, akaniambia, "Na wewe tazama juu." Nikatazama juu. Akanivuta ukope, akaangalia sana, uso wake karibu kabisa na wangu, ananipumulia harufu ya uji.

"Upo mwekundu, mama," akasema, akachukua begi lake akamfuata dada yake getini.